Ebola ya Beni na Butembo: hatari haikuishia mlangoni pa hospitali

Tarehe 25 mwezi wa sita 2020, serikali ilitangaza kwamba mlipuko wa kumi wa Ebola nchini Kongo umekwisha. Watu 3,470 walikuwa wameugua, na 2,287 kati yao wakafa, yaani karibu wawili kwa kila watatu. Wengi walikuwa wakaaji wa Kivu ya Kaskazini: Beni, Butembo, Katwa, Mabalako na vijiji vya jirani. Waliopona walizidi 1,100.

Ukifuatilia miaka ile, utaona kwamba kifo kiliwavizia wagonjwa mara mbili: kabla hawajafika kwenye kituo cha matibabu, CTE, na tena baada ya kurudi nyumbani wakiwa na cheti cha kupona.

Kwa nini watu walichelewa

Ugonjwa ulitangazwa Mangina tarehe 1 mwezi wa nane 2018, katika eneo ambalo tangu 2014 lilikuwa likizika watu waliouawa na makundi yenye silaha. Ghafla magari ya riposte yakajaa barabarani. Mwezi wa kumi na mbili, uchaguzi ukaahirishwa Beni na Butembo, sababu ikitajwa kuwa Ebola na usalama mdogo. Wakaaji wengi wakaona ugonjwa umegeuzwa siasa na biashara.

Mwezi wa pili 2019, CTE za Katwa na Butembo zikashambuliwa na kuchomwa moto. Tarehe 19 mwezi wa nne, daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na OMS, akauawa kwa risasi mjini Butembo.

Katika hali hiyo, mtu mwenye homa alibaki nyumbani, au alikwenda kwenye kituo kidogo cha mtaa akatibiwa malaria. Alipopelekwa CTE, mwili ulikuwa umeshachoka. Akafa. Na kila jeneza lililotoka pale likawapa jirani sababu ya kusema kwamba anayeingia CTE hatoki. Hofu ilizaa kuchelewa, kuchelewa kukazaa vifo, na vifo vikaongeza hofu.

Jaribio la dawa lilionyesha nini

Tangu mwezi wa kumi na moja 2018, dawa nne zilijaribiwa Beni, Butembo, Katwa na Mangina katika utafiti ulioitwa PALM, kifupi cha « Pamoja Tulinde Maisha ». Profesa Jean-Jacques Muyembe wa INRB alikuwa mmoja wa viongozi wake. Mwezi wa nane 2019 jaribio likasimamishwa mapema kwa sababu dawa mbili zilikuwa zimeonyesha nguvu. Kwa waliopewa mAb114 au REGN-EB3, karibu theluthi moja walikufa. Kwa waliopewa ZMapp au remdesivir, karibu nusu.

Jambo kubwa zaidi kwa familia lilikuwa hili: kati ya waliofika virusi vikiwa bado vichache mwilini, waliopewa zile dawa mbili bora walikufa takriban mmoja tu kwa kila kumi. Kila siku moja ya kuchelewa iliongeza uwezekano wa kufa kwa asilimia 11.

Baada ya kurudi nyumbani

Waliotoka CTE walirudi na maumivu ya viungo, kichwa na macho. Wengine walikuta jirani wakiwaepuka. Virusi navyo vinaweza kujificha miezi mingi katika jicho, ubongo au shahawa.

Mtu mmoja aliyekuwa amechanjwa, akatibiwa kwa mAb114 na kupona ndani ya siku 14, aliugua tena baada ya miezi sita, akafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba ugonjwa wake wa kwanza ndio uliorudi, na kutoka kwake ukatokea mnyororo wa wagonjwa 91 katika maeneo sita ya afya.

Mwezi wa pili 2021, Ebola ikaonekana tena upande wa Butembo: wagonjwa 12, vifo sita. Mwezi wa kumi mwaka huo ikarudi Beni. Vipimo viliunganisha milipuko hiyo na virusi vya 2018-2020.

Guinea pia ilikuwa imeona hatari hiyo. Watafiti walipata habari za watu 1,130 waliopona Ebola huko. 59 walikuwa wamekufa baada ya kuruhusiwa. Katika mwaka wa kwanza hivi, vifo vyao vilizidi mara tano vile vya raia wengine. Wengi walidhaniwa kufa kwa figo kushindwa kufanya kazi, na waliolazwa muda mrefu walikuwa hatarini zaidi.

Korona ikaleta somo lile lile. Uingereza, kati ya wagonjwa 47,780 walioruhusiwa kutoka hospitalini katika wimbi la kwanza, karibu theluthi moja walilazwa tena na zaidi ya mmoja kwa kila kumi alikufa, yote ndani ya miezi mitano hivi.

Ndiyo maana Beni, Butembo na Mangina walionusurika waliandikwa katika programu ya ufuatiliaji ya miezi 18: macho, damu, shahawa, na mazungumzo na wanasaikolojia. Programu ya namna hiyo inategemea jirani kuliko mashine. Mtu anayenyooshewa kidole mtaani atakimbia miadi yake, na homa ikimrudia ataificha, kama wengi walivyoificha mwaka 2018.