Wenye Ziwa: Wavuvi wa Mweru na Habari ya Mpumbu

Huko Nchelenge, kwenye ufuo wa Ziwa Mweru upande wa Zambia, msimu wa kufungwa kwa uvuvi huanza kila mwaka tarehe 1 Desemba na kumalizika mwishoni mwa Februari. Aghalabu amri hii huelezwa kana kwamba ni zao la serikali peke yake. Historia ya ziwa yaonyesha vingine.

Masimulizi ya Walunda yasema kuwa Nkuba, mtawala wa Washila, alimwua mtoto wa dada yake, Nachituti. Mama huyo akamwendea Mwata Kazembe kuomba kisasi, na Nkuba alipouawa, akamkabidhi Kazembe nchi pamoja na maji yake. Hata hivyo, koo za wenyeji ziliendelea kutambuliwa kuwa wenye ziwa na wenye mabwawa ya kando ya Mto Luapula. (Msomaji wetu atatambua mara moja undugu wa neno umwine la Kibemba na mwenye la Kiswahili.) Mwenye bwawa ndiye aliyetambika na kutoa idhini ya kuanza kuvua. Kabla ya hapo nyavu zilikaa nchi kavu.

Biashara ndiyo iliyoulegeza utaratibu huo. Migodi ya Katanga ilihitaji kitoweo cha wafanyakazi, na wafanyabiashara wa Kigiriki waliojikita Kasenga, upande wa Kongo, walinunua samaki kwa wingi. Aliyetafutwa sana ni mpumbu, ambaye mvua zikianza hupanda Luapula kwenda kutaga. Akategewa nyavu njiani, mayai yakiwa tumboni, mwaka baada ya mwaka. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwa karibu ametoweka. Tangu miaka ya 1980 biashara imeegemea sana chisense, samaki wadogo mithili ya dagaa, wavuliwao usiku kwa taa.

Sheria ya Uvuvi ya 2011 iliweka nafasi ya kamati ambamo wavuvi huketi pamoja na maofisa. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye uzito. Ofisa hawezi kuulinda ufuo mrefu namna ile. Anayejua nani ameshusha nyavu usiku ni mvuvi jirani. Lakini mvuvi huyo anatakiwa kujinyima hasa: Januari shule zinafunguliwa, mahindi bado mabichi, na mtumbwi umelala mchangani. Ng'ambo ya maji, Wakongo wasemao Kiswahili cha Katanga huvua ziwa hilohilo chini ya sheria za nchi nyingine. Samaki aliyeachwa Nchelenge aweza kuuzwa Pweto.