Mabati na makuti: jinsi joto linavyoingia nyumbani kisiwani Pate

SAA saba mchana, abiria anayeshuka kutoka mashuani kwenye gati la Mtangawanda, kisiwani Pate, Kaunti ya Lamu, hupata funzo la fizikia bila kulitafuta. Nanga ya chuma iliyoachwa juani haishikiki kwa mkono mtupu. Ubao wa mashua unavumilika. Mchanga mkavu huchoma nyayo, ilhali maji ya bahari yaliyo hatua chache tu hutuliza miguu. Vyote vimepigwa na jua lile lile. Tofauti imo katika namna kila kitu kinavyolipokea joto, kinavyolihifadhi na kinavyolipitisha.

Joto husafiri kwa njia tatu. Mnururisho ndio unaolifikisha joto la jua duniani, kwani hauhitaji kitu cha kuubeba. Mpitisho ni joto kupokezanwa kutoka chembe hadi chembe ndani ya kitu. Msafara ni hewa au maji yenyewe kuhama na joto lake: yaliyopata moto hupanda, ya baridi hushuka kushika nafasi yake.

Chuma hupitisha joto mamia ya mara zaidi ya mbao kavu. Ndiyo maana alfajiri nanga huhisiwa baridi kuliko ubao, hata kama vyote viwili vina kiwango kimoja cha joto. Chuma hulinyonya upesi joto la mkono. Ubao hulichukua polepole.

Kuhifadhi joto ni jambo jingine. Kilo moja ya maji huhitaji takriban jouli 4,200 ili joto lake lipande kwa nyuzi moja ya Selsiasi. Mchanga mkavu huhitaji jouli 800 hivi, na chuma 450 hivi. Aidha, mwanga hupenya ndani ya maji na mawimbi huyachanganya, lakini mchangani joto hubaki katika tabaka jembamba la juu. Kwa hiyo nchi kavu hupata moto kabla ya bahari, hewa iliyo juu yake hupanda, na upepo wa baharini huvuma kuelekea kisiwani.

Mafundi wa kale wa visiwa vya Lamu waliyajua haya kwa uzoefu. Walijenga kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, nyingine zenye unene wa karibu nusu mita. Joto la mchana huchukua saa nyingi kuupenya ukuta wa namna hiyo, na chokaa nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua. Paa la makuti nalo hunasa hewa baina ya matabaka yake, na hewa iliyotulia ni mpitishaji hafifu wa joto. Hewa ya moto iliyomo ndani hupenya kwenye nafasi zake na kutoka.

Hata hivyo, makuti yana adui mkubwa. Mwaka 2009 moto uliteketeza mamia ya nyumba katika mji wa Faza, kisiwani humo humo. Bati haliwaki moto, na hudumu miaka mingi zaidi. Familia inayolichagua ina sababu nzito.

Lakini bati ni jembamba mno, haliwezi kuhifadhi joto jingi. Juani, joto lake huweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi, na upande wake wa chini huwanururishia joto walio ndani. Wanaoumia zaidi ni watoto wachanga, wazee na wagonjwa. Usiku mambo hugeuka: bati hupoa haraka, ilhali ukuta wa mawe huendelea kutoa joto ulilokusanya mchana.

Madhara hayo yanaweza kupunguzwa. Rangi nyeupe juu ya bati hurudisha mwanga kabla haujageuka joto. Dari chini yake huzuia mnururisho na kuacha nafasi ya hewa. Matundu mawili, moja karibu na kilele cha paa na jingine chini upande unaopokea upepo, huuwezesha msafara kuitoa hewa ya moto na kuingiza iliyo baridi. Anayeezeka bati bila hatua hizo huikinga nyumba na moto wa kuni, lakini huwaachia wakazi wake joto la jua kila mchana.