Reli ya Tanga–Arusha–Musoma: mpango ni upi, na unamgusa nani?

Reli ya Tanga–Arusha–Musoma ni mpango wa serikali ya Tanzania wa kuunganisha bandari ya Tanga, kwenye Bahari ya Hindi, na Musoma, kwenye Ziwa Victoria. Lengo ni kuipa mizigo ya Uganda njia nyingine ya kufika baharini, na mazao ya Kanda ya Ziwa njia ya kufika mbali.

Imefika wapi?
Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893. Ilifika Moshi mwaka 1911, na Waingereza wakaifikisha Arusha mwaka 1929. Kutoka Arusha hadi Musoma bado hakuna reli.

Itavukaje mpaka?
Treni itaishia Musoma, kisha mizigo ivuke ziwa kwa meli. Jambo hili si geni: meli ya MV Umoja imewahi kubeba mabehewa kati ya Mwanza na Port Bell, Uganda. Kwa hiyo reli bila gati na meli za kutosha itakuwa nusu ya safari.

Kikwazo ni nini?
Njia ya mkato kutoka Arusha hadi Musoma inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Mwaka 2014, Mahakama ya Afrika Mashariki iliizuia serikali kujenga barabara ya lami ndani ya hifadhi hiyo. Hukumu ilihusu barabara, lakini wapangaji wa reli hawawezi kuipuuza. Kuizunguka hifadhi kunarefusha njia na kuongeza gharama.

Inamgusaje mkazi wa Manyamanyama?
Leo pamba na dagaa wa Bunda huondoka kwa lori. Treni hubeba mzigo mkubwa kwa mkupuo mmoja, na kwa safari ndefu nauli ya kila tani huweza kushuka. Lakini reli inahitaji ardhi. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe mapema. Huhesabiwa thamani ya ardhi, nyumba na mazao, pamoja na posho ya usumbufu na ya usafiri.

Kwa hiyo, msikilizaji, iwapo mradi utafika kwenu, hudhuria mkutano wa kijiji au mtaa. Tunza hati za shamba. Uwepo mwenyewe mthamini anapohesabu mali yako, na usisaini fomu ambayo haijajazwa.