Kamba ya ADN yenye kuwaka, mupaka ku kahawa yetu

Mu 2018 Ebola ilipotokea Mangina kisha Beni, wengi wetu ndipo tulisikia jina GeneXpert. Damu ya mugonjwa inaingia mu kaseti, na saa mbili hazijaisha jibu iko. Mashini ile ilikuwa tayari inapima kifua kikuu. OMS iliipitisha kwa kazi hiyo mwezi wa 12, 2010. Ndani ya kaseti ya kifua kikuu kuna kitu moja yenye historia ambayo mu agronomia hatukufundishwa, na mi naona inatuhusu kabisa.

Mu 1996, Sanjay Tyagi na Fred Kramer, watafiti wa New York, walitengeneza kamba fupi ya ADN yenye kujikunja sawa pini ya nywele. Ku ncha moja waliweka rangi yenye kuwaka, ku ncha ya pili kizimishi. Kamba ikijikunja, ncha zote mbili ziko karibu na mwanga unazimika. Ikikutana na ADN yenye herufi za kuoana na zake, inanyooka, ncha zinaachana, inawaka. Hakuna kuosha, hakuna kutenganisha: mwanga wenyewe ndio jibu. Kaseti ya kifua kikuu ya 2010 ilikuwa na kamba tano za namna hiyo. Zilikuwa zinasoma kipande cha jeni ambacho kikibadilika, dawa ya rifampisini haiui tena bakteria.

Mupaka hapo ADN inatafuta ADN. Lakini mu 2000, kundi la Weihong Tan pale Chuo Kikuu cha Florida walitumia pini hiyo kuvizia enzime zenye kukata ADN. Enzime ikikata kamba, ncha zinaachana, mwanga unatoka. Enzime ikiwa nyingi, mwanga unapanda haraka. Zamani kazi hiyo ilikuwa inataka ADN yenye alama ya mionzi, kuipitisha mu jeli, na kungoja. Sasa mutu anaangalia enzime ikifanya kazi palepale.

Na enzime isiyokata ADN, je? Turudi nyuma kidogo, 1990. Craig Tuerk na Larry Gold kule Colorado, Andrew Ellington na Jack Szostak kule Boston, kila kundi kivyake, walifanya kitu ambacho sisi tunakijua: kuchagua mbegu. Walichukua mamilioni ya mamilioni ya kamba za ARN za ovyoovyo, wakazipitisha mbele ya kitu wanachotaka kunasa. Zisizoshika zikaoshwa, zilizoshika zikazalishwa, tena na tena. Ni seleksio ya shamba kabisa, ila hapa kizazi hakingoji musimu! Ellington na Szostak waliziita aptameri. Mu 1992 ikafanyika na ADN: kamba ya herufi 15 tu ikashika trombini, enzime yenye kugandisha damu.

Mu 2008 ndipo mambo yanafika kwetu. Kule Kanada, Cruz-Aguado na Penner walichapisha kamba ya herufi 36 yenye kushika okratoksini A, sumu ya ukungu inayoharibu figo na kuingia mu kahawa isiyokaushwa vizuri. Umoja wa Ulaya ulikuwa unakubali mikrogramu 5 kwa kilo ya kahawa iliyokaangwa. Tangu 2023 ni 3. Musimu moja nilikaa ku kituo cha kuoshea kahawa. Mvua ilinyeshea meza za kukaushia siku mbili, na kila mutu alipima kwa pua. Pua inasikia ukungu, sumu haisikie.

Sitadanganya kama iko rahisi. Lazima kwanza kusaga punje, kutoa sumu na kuchuja, na maji ya kahawa yenyewe iko na rangi na vitu vingine vyenye kusumbua mwanga. Kazi ile kamba haiifanye, ni ya mutu mwenye kujua kahawa. Herufi 36 zimechapishwa, na kuna labo zenye kutengeneza kamba kwa oda. Mwenye anatafuta somo la memware, aniandikie hapa chini, tuanze na mambo ya kuchuja.