Waliokatazwa Soul Walipokuwa Wazazi

Novemba 1969, Mkuu wa Mkoa wa Pwani, Mustafa Songambele, alipiga marufuku muziki wa soul Dar es Salaam. Mwaka huo ulikuwa umefunguliwa na Operesheni Vijana, kampeni ya TANU Youth League iliyowaandama wasichana wa sketi fupi na mawigi, pamoja na wavulana wa suruali za kubana. Sauti ya mwimbaji wa soul James Brown, iliyokuwa ikitikisa kumbi za mji, ikahesabiwa kuwa adui wa utamaduni wa taifa changa.

Vijana hao wanastahili kukumbukwa kila tunapozungumzia wazazi na rap. Aliyekuwa na umri wa miaka 18 mwaka 1969 alikuwa na miaka 44 mwaka 1995, rapa Mr. II alipotoa albamu ya Ni Mimi. Wengi wao walikuwa sasa na watoto wa sekondari, na wapo waliowafokea watoto hao wazime redio kwa maneno yaleyale waliyofokewa wao: muziki wa kihuni, mambo ya Kizungu.

Mwanzoni kweli yalikuwa ya Kizungu. Rap iliingia Dar es Salaam miaka ya 1980 kwa kanda za kaseti na video zilizoletwa na ndugu waliokuwa ng'ambo, ikaanzia kwa watoto wa familia zenye uwezo, nao wakaimba Kiingereza cha Wamarekani. Mwaka 1991 Saleh Jabir alichukua mdundo wa Ice Ice Baby wa Vanilla Ice akafokafoka juu yake kwa Kiswahili. Kundi la Kwanza Unit likaundwa mwaka 1993. Mwaka uliofuata Radio One na ITV zikaanza kurusha matangazo, na muziki ambao Radio Tanzania, redio ya serikali, haikuupa nafasi ukapata mlango.

Sikubaliani na wanaosema wazazi wa wakati ule walikuwa washamba tu. Walikuwa na hoja. Kwao, mwanamuziki mwenye heshima alikuwa mtu wa bendi, na bendi ilikuwa na mwenyewe. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Polisi walikuwa na bendi yao, na Jeshi la Kujenga Taifa vilevile. Mpiga gitaa alikuwa mwajiriwa, mwenye mshahara na kiongozi wa kumwajibisha. Kijana wa rap hakuwa na gitaa, bendi wala mwajiri. Alikuwa na daftari la mistari na kofia iliyogeuzwa nyuma, na aliishi kwa kutumaini msambazaji wa kanda. Mzazi aliyehangaika kutafuta ada, katika nchi ambayo nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, aliona daftari hilo likila muda wa masomo. Hofu hiyo haikuwa ya kubeza.

Kilichowalainisha ni mashairi. Mwaka 1998 Mr. II alitoa Hali Halisi, wimbo wa ugumu wa maisha na wanasiasa wanaoahidi wasichotenda. Kisha rapa Professor Jay, akitokea kundi la Hard Blasters, akatoa albamu ya Machozi, Jasho na Damu mwaka 2001, yenye wimbo wa Ndio Mzee. Humo mgombea anamwaga ahadi zisizowezekana huku wananchi wakimwitikia kila neno. Baba aliyewahi kukaa kwenye mkutano wa kampeni alimtambua mgombea huyo mara moja. Kilikuwa kisa chenye wahusika na mafumbo, kwa Kiswahili kinachosikika neno kwa neno, na watu waliozoea mashairi yanayoghanwa redioni walikuwa na masikio ya kukipokea. Wimbo wa Starehe wa Ferooz, simulizi ya kijana anayekufa kwa UKIMWI, uliingia nyumba ambazo mazungumzo hayo hayakuwa yamewahi kufanyika kati ya mzazi na mtoto. Mwaka 2010 Mr. II, yaani Joseph Mbilinyi, alichaguliwa kuwa mbunge wa Mbeya Mjini. Professor Jay akaingia bungeni kwa jimbo la Mikumi mwaka 2015. Wazee walikuwa miongoni mwa waliowapigia kura.

Aliyekuwa na miaka 18 Ndio Mzee ilipotoka sasa amevuka 40. Analalamikia muziki wa singeli, uliozaliwa Manzese, Tandale na Mburahati jijini Dar es Salaam, unaoweza kupita mapigo 200 kwa dakika na kukesha kwenye vigodoro, sherehe za mtaani. Kuhusu matusi yanayopigwa kwa spika kubwa mbele ya watoto wadogo, nipo upande wake. Lakini anapodai kwamba muziki huo hauna maneno, namwomba asikilize tena, kwa utulivu, maana humo mnasimuliwa kodi ya nyumba, deni la kausha damu, yaani mkopo wa riba kubwa, na bodaboda iliyonyang'anywa na tajiri wake.