Mawe ya Calabria na Mzunguko wa Ardhi

Mwaka 1783 matetemeko ya nchi yaliibomoa Calabria, kusini mwa Italia. Katika nyumba ya watawa ya Mtakatifu Bruno palikuwa na nguzo mbili zilizojengwa jiwe juu ya jiwe. Nchi ilipotulia, vitako vya nguzo vilikutwa mahali pake, bali mawe ya juu yalikuwa yamegeuka upande pasipo kuanguka. Walioeleza habari hiyo walisema kuwa ardhi ilitikisika kwa kuzunguka.

Mwaka 1846 Robert Mallet, mhandisi wa Ireland, aliipinga hoja hiyo. Alionyesha kwamba msukumo ulionyoka watosha kuligeuza jiwe, ikiwa mahali linaposhikana zaidi na kitako hapakuelekeana na kitovu cha uzito wake. Maelezo hayo yalikuwa ya haki: jiwe lililogeuka si ushahidi wa kutosha. Lakini baadaye wataalamu walikwenda mbali zaidi. Charles Richter, katika kitabu chake cha mwaka 1958, aliihesabu mizunguko hiyo kuwa midogo mno, akasema kuwa uchunguzi wathibitisha hivyo.

Uchunguzi gani? Vyombo vya siku zile vilitegemea uzito ulioning'inizwa, navyo viliandika mwendo wa kwenda na kurudi: kaskazini na kusini, mashariki na magharibi, juu na chini. Pishi haipimi urefu wa kitambaa.

Njia nyingine ilikwisha onyeshwa mwaka 1913 na Mfaransa Georges Sagnac. Miale miwili ya nuru ikipitishwa katika njia moja ya duara, kila mmoja ukielekea kinyume cha mwenzake, kisha chombo kikageuka, mmoja huchelewa. Kwa kanuni hiyo ilijengwa pete kubwa ya leza huko Wettzell, Ujerumani, mwaka 2001, yenye vioo katika pembe za mraba wa mita 4 kila upande, ili kupima mzunguko wa dunia yenyewe. Septemba 2003 tetemeko kubwa lilitokea Hokkaido, Japani, na pete ikauandika mzunguko wa ardhi ya Wettzell. Ulipolinganishwa na maandishi ya chombo cha kawaida kilichokuwa jirani, viwili hivyo vilikubaliana kama nadharia ilivyotaka, hata uwiano wao ukatoa mwendo kasi wa mawimbi kutoka mahali pamoja tu.

Basi Mallet alisema kweli juu ya jiwe, na wale aliowapinga walisema kweli juu ya ardhi, ijapokuwa ushahidi wao ulikuwa dhaifu. Kilichokosekana kwa zaidi ya miaka 200 ni kipimo, wala si kitu chenyewe.