Historia ya lugha imo ndani ya sanduku la fundi wa baiskeli

MAKALA ya leo yanahusu majina ya vifaa vya kutengenezea baiskeli. Baadhi ya wenye baiskeli wameamua kuzihudumia wenyewe nyumbani badala ya kumkimbilia fundi kila nati inapolegea. Anayeamua hivyo hulazimika kununua seti ya soketi na biti za bisibisi. Akifika dukani ataulizwa, “Unataka namba ngapi? Ya staa ama ya flati?” Hapo ndipo utata wa lugha unapoanza, kwa sababu maneno hayo yana historia ndefu, na mengine yanabeba maana mbili kwa mpigo.

Tuanze na skrubu. Kamusi zetu bado zinahifadhi kisawe chake, yaani parafujo. Neno hili limetokana na Kireno, parafuso, na ni kumbukumbu ya Wareno waliofika Mombasa mwaka 1498, wakajenga Fort Jesus kuanzia 1593 na kuipoteza mikononi mwa Waomani mwaka 1698. Ni ndugu wa meza na bendera. Hata hivyo, meza imesalia vinywani mwetu ilhali parafujo imesalia kamusini. Mtajie fundi wa Gikomba parafujo uone atakavyokukodolea macho! Usukani nao ulikuwa wa chombo cha baharini, wenye asili ya Kiarabu, kabla ya kuhamia kwenye gari na baiskeli. Waingereza ndio waliotuachia spana, nati, bolti, soketi na baiskeli yenyewe.

Swali la pili ni la namba. Fundi hasemi “nipe spana yenye upana wa milimita kumi na tano.” Husema tu, “Lete kumi na tano,” na mwanagenzi wake huileta. Ufupisho huu unafaa kwa kuwa namba iliyoandikwa kwenye spana ya milimita ni upana wa mdomo wake. Haikuwa hivyo tangu jadi. Mwingereza Joseph Whitworth alipopendekeza kipimo kimoja cha hesi mwaka 1841, yaani ile mikato ya mzunguko ambayo mafundi huiita thredi, spana za mtindo wake zilikuja kuandikwa unene wa bolti, si upana wa kichwa chake. Mwaka 1902 wahandisi wa baiskeli nchini humo wakatoa kipimo chao cha hesi 26 kwa kila inchi. Kampuni ya Raleigh ya Nottingham nayo ilikuwa na hesi zake za pekee katika baadhi ya viungo. Kwa hivyo, mwenye ‘black mamba’ ya zamani aliyorithi kwa babu asishangae soketi ya milimita ikikataa kukaa sawasawa kwenye nati zake. Si kwamba soketi ni mbovu. Vitu hivyo viwili vinazungumza lugha tofauti.

La kuchekesha ni kwamba inchi haijafa hata katika seti za milimita. Tundu la mraba ambamo mpini wa soketi huingia hupimwa kwa inchi kote duniani: robo, thumuni tatu na nusu. Kiswahili kina neno thumuni tangu zamani, ila wauzaji wetu husoma kwa Kiingereza tu. Kwa baiskeli, mpini wa thumuni tatu unatosha kwa kazi nyingi. Wa robo ni dhaifu kwa nati za gurudumu, na wa nusu una nguvu za kukata bolti ndogo.

Utata mkubwa zaidi uko katika neno nyota, au staa. Mwaka 1936 Mmarekani Henry Phillips alipata hataza za skrubu yenye alama ya msalaba kichwani. Mafundi wetu waliiita staa, na kwa miaka mingi jina hilo halikumsumbua mtu kwa kuwa mpinzani wake alikuwa flati pekee. Kisha mwaka 1967 ikazuka Torx, skrubu yenye nyota kamili ya ncha sita. Leo skrubu hizo ndizo zinazoshikilia sahani za breki katika baiskeli nyingi, na biti yake ni T25. Sasa ukiagiza “biti ya staa”, muuzaji ana haki ya kukupa yoyote kati ya hizo mbili. Ukilazimisha ya msalaba ndani ya tundu la nyota utaharibu skrubu ya breki, na breki si mahali pa kubahatisha.

Kuna pia jina ambalo kamusi huenda zikaona haya kulisajili. Spana ya kurekebisha mdomo, mafundi huiita spana malaya. Wenye masikio mepesi waniwie radhi. Jina hilo lina hukumu ya kitaalamu ndani yake: spana hiyo huzikubali nati zote lakini haishiki hata moja barabara, na mwishowe huzilainisha pembe. Ndiyo maana nashauri soketi zenye pembe sita badala ya kumi na mbili, kwa kuwa hukumbatia ubapa wa nati.

Kwa baiskeli ya kisasa, hakikisha seti ina soketi 8, 9, 10, 13, 14 na 15, biti za pembe sita za 4, 5, 6 na 8, T25, ya msalaba na ya flati. Hizo za pembe sita hufanya kazi ya funguo zinazojulikana kwa jina la Allen, kampuni ya Marekani iliyotengeneza skrubu za aina hiyo mwanzoni mwa karne iliyopita. Sanduku la vipande mia moja lenye vingi usivyovihitaji ni kutupa pesa. Aidha, soketi haiwezi kuufikia ubapa wa ekseli ya pedali, kwa hivyo ongeza spana nyembamba ya 15. Kumbuka kwamba pedali ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungushwa kinyume na ile ya kulia.

Somo la Pre-Technical Studies katika sekondari msingi hufundishwa kwa Kiingereza, ilhali karakana nyingi za mitaani huendeshwa kwa Kiswahili. Mwanafunzi anayetoka huko hana jina la kifaa ambalo fundi wake atalielewa, naye fundi hana kitabu cha kumsahihisha. Naonelea watunzi wa kamusi na vitabu waanzie kwa mafundi. Utaratibu wao wa kutaja spana kwa namba usajiliwe kama ulivyo. Phillips iitwe bisibisi ya msalaba, na nyota iachiwe Torx. Parafujo ibaki kwa watafiti na washairi. Spana malaya nayo isajiliwe, hata kama itabidi iandikiwe alama ya lugha ya mtaani kando yake.